MALI YA WAZEE WETU NA HILA ZA AYARI WA SIMU



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alitujia mzee mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu, mtu aliyepindukia miaka 70, aliyefanya kazi bandarini tangu ujana wake hata akastaafu. Akatuuliza masala: mtu aliyenuia Hija, akaweka akiba, kisha mali ile ikapotea kabla ya kusafiri, hukumu yake ni ipi? Tukamjibu kama tulivyosomeshwa na masheikh wetu, kwamba Hija humpasa mwenye uwezo, na aliyeondokewa na uwezo kabla ya kuiweza safari hana lawama. Akatushukuru, akajitia kanzu yake vyema, akaenda zake.

Zilipita siku 19. Ndipo binti yake alipokuja kwetu, akataka tumseme babake, kwani ameacha kutoka barazani, hali chakula chake, wala hasemi ana nini. Tulipokwenda kuketi naye tukayajua ya kweli. Mali ile haikupotea, iliibwa. Ilitoka katika simu yake baina ya Alasiri na Magharibi, kwa mara tatu, jumla yake shilingi 184,000, naye mwenyewe ndiye aliyezibonyeza nambari, huku mtu asiyemjua akimwelekeza sikioni kwa adabu na upole.

Tumeyaandika haya kwa idhini yake, kwa sharti tusilitaje jina lake. Na twayaandika kwa kuwa sisi pia tuna kosa ndani yake. Mzee yule alikuja kwetu kwa mlango wa fiqhi, kwa kuwa mlango wa kushtaki ulikuwa umefungwa na haya. Sisi tulilijibu suala, wala hatukumtazama muulizaji. Lau tungalimwuliza neno moja tu, "Imepoteaje?", tungaliweza kwenda naye kituo cha polisi usiku ule ule. Basi somo letu la mwezi huu ni hilo neno tusilouliza.

AYARI WA ZAMANI NA AYARI WA LEO

Ulaghai si jambo jipya. Twajua sote kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, akaona juu ni pakavu na chini pana maji, akamkemea muuzaji na kumtoa katika safu ya wenzake kwa ghushi ile. Ayari wa soko alikuwa na uso na mahali. Mtu aliyepunjwa aliweza kurudi kesho yake akamshika kanzu.

Ayari wa leo hana uso wala duka. Tangu M-PESA ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, mkoba wa mtu umehamia ndani ya simu, na hilo limetuletea manufaa makubwa: mtoto aliye Nairobi humsaidia mamake aliye Lamu kwa muda wa kufumba jicho. Lakini mlango unaoingiza kheri kwa upesi hutoa mali kwa upesi ule ule. Mwizi wa leo havunji kufuli, humwomba mwenye nyumba amfungulie.

Wala tusidhani kwamba wazee hukamatwa kwa upungufu wa akili. Vijana wenye shahada nao hulaghaiwa kila siku. Mzee hutafutwa kwa sababu nyingine. Kwanza, aghlabu ana fedha iliyokusanywa pahali pamoja: kiinua mgongo, kodi ya nyumba, bei ya shamba, au akiba ya Hija. Pili, amelelewa kwa ustaarabu wa kumjibu kila anayemsalimu, na kumkatia mtu maneno kwake ni utovu wa adabu. Tatu, macho yamepungua nguvu, na maandishi ya simu ni madogo. Nne, mchana huwa peke yake nyumbani. Na ya tano, iliyo mbaya kuliko zote, akiibiwa hunyamaza, kwa kuchelea kuambiwa kwamba amezeeka na apokonywe simu yake. Ayari ayajua yote matano.

MILANGO WANAYOINGILIA

Mlango wa kwanza ni wa fedha iliyotumwa kwa makosa. Simu hupata ujumbe uliofananishwa na wa M-PESA, kwamba umepokea shilingi kadhaa. Mara hupiga mtu akilia: nimekosea nambari, ni fedha ya dawa ya mtoto, nirudishie. Mzee kwa huruma humtumia, kumbe hakikuingia kitu, ule ujumbe umeandikwa kwa mkono wa mwizi na umetoka katika nambari ya mtu. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la M-PESA lenyewe, na salio huongezeka. Na hata ikiwa fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako, kwani wako wanaotuma kwa kweli, wakarudishiwa na mwenye simu, kisha wakaiomba kampuni nayo iwarudishie. Mwambie: "Peleka ujumbe wako 456, kampuni itaturekebishia." Mkweli ataridhika, na mwongo atatukana.

Mlango wa pili ni wa ajidaiye mtumishi wa kampuni ya simu au wa benki. Husema laini yako itafungwa leo, au yahitaji kusajiliwa upya, kisha huomba nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, nambari ya siri, au hukwambia ubonyeze hiki na kile. Akishapata anayoyataka huenda akaihamisha laini yako katika kadi nyingine iliyo mkononi mwake. Alama yake ni kwamba simu yako hupotewa na mtandao kwa ghafla, ilhali simu za jirani zafanya kazi. Toka hapo fedha yako ni yake, na zaidi ya hayo aweza kukopa kwa jina lako katika M-Shwari na Fuliza, ukaamkia deni usilolijua. Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na wala haimwulizi mtu nambari yake ya siri.

Mlango wa tatu ni wa msiba wa kuzua. "Mwanao amegongwa na gari, yuko hospitali, daktari hamgusi mpaka itumwe fedha." Au: "Mjukuu wako ameshikwa na polisi." Hofu huutangulia moyo, na akili hufuata nyuma. Na siku hizi iko mitambo inayoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia maneno yake machache tu, basi hata kuisikia sauti ya mwanao si hoja tena.

Mlango wa nne ni wa tamaa na wa haja: zawadi ya bahati nasibu usiyoicheza, safari ya Umra kwa nusu ya bei, kazi ya Ghuba kwa mjukuu, au kuandikishwa katika fedha za Inua Jamii, ambazo serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa "ada ndogo ya fomu". Msaada wa serikali haununuliwi. Anayekutaka utume fedha ili upewe fedha, huyo ndiye ayari kwa dhati yake. Katika mlango huu pia wamo wenye kuahidi kuzalisha mali. Wasomaji wetu wengi wakumbuka mashirika ya piramidi yaliyoanguka hapa Kenya katika mwaka 2007. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliowafuata, na walipokwisha wa kufuata, nyumba yote ikaporomoka, na zaidi ya shilingi bilioni 8 za watu zikapotelea humo. Wengi waliingia kwa kuvutwa na mtu wa dini waliyemwamini. Kilemba si dhamana, wala msalaba si dhamana, wala ndevu zetu sisi si dhamana.

Mlango wa tano ni wa wanaojiita waganga, wenye kumwambia mama mkongwe kwamba mali yake ina jicho au nyumba yake ina jini, atume fedha ya kafara kwa simu. Hatutarefusha hapa. Anayekuuzia kinga ya balaa aliyoitaja yeye mwenyewe, ndiye balaa.

KINGA

Qur'ani imetuamrisha katika Suratul Hujurat kubainisha khabari iletwayo na asiyeaminika kabla ya kuitenda, tusije tukajuta. Neno hili, kubainisha, ndilo ngome ya jambo lote. Na katika simu hubainishwa hivi.

Kwanza, kata simu. Kumkatia usiyemjua anayetaja fedha si utovu wa adabu, ni kuilinda amana ya Mwenyezi Mungu mkononi mwako. Sema, "Nitakupigia," kisha usimpigie yeye. Mpigie mwanao kwa nambari uliyo nayo zamani, au mpigie jirani yake.

Pili, nambari ya siri haiambiwi mtu, si wakala, si mtumishi wa benki, si sheikh. Wala isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwani mwaka huo umeandikwa katika kitambulisho chako. Wengi wetu humpa kijana dukani simu na nambari ya siri atutolee fedha, na hiyo ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo wa sanduku.

Tatu, funga laini yako. Mwenye laini ya Safaricom abonyeze *100*100#, ili laini isiweze kuhamishwa ila kwa yeye kwenda mwenyewe katika duka la kampuni na kitambulisho chake. Na abonyeze *106# aone ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiona asiyoijua akaishtaki.

Nne, unapotuma fedha, jina la mpokeaji huonyeshwa kabla ya kukamilika. Lisome, au mpe mjukuu akusomee. Ukiambiwa fedha yaenda kwa hospitali na jina lililotokea ni la mtu binafsi, simama hapo.

Tano, nyumba iwe na neno lake, wanalolijua wao tu, litakaloulizwa siku ya dharura. Mfano, jina la paka aliyekufa zamani au la kisima cha shamba la babu. Anayelia kwamba ni mwanao na neno halijui, si mwanao.

Sita, akiba kubwa isikae katika simu. Iwekwe benki, katika hesabu isiyounganishwa na simu, na safari ya Hija ilipwe kwa wakala aliyesajiliwa, ofisini mwake, mbele ya shahidi, kwa risiti. Mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni na kushuhudisha. Aya hiyo haikuteremshwa kwa wajinga.

SAA YA KWANZA

Likisha kutokea, muda ni mali. Fedha iliyoibwa hukaa kitambo kidogo katika simu ya mwizi kabla hajaitoa kwa wakala, na kitambo hicho ndicho tumaini.

Mara moja ipigie kampuni ya simu. Kwa Safaricom ni 100, na kwa mambo ya M-PESA ni 234. Eleza kwa ufupi kiasi, saa, na nambari iliyopokea, na uombe fedha izuiwe. Ujumbe wa kutuma wenyewe upeleke 456. Nambari ya ayari ipeleke 333, bila ya malipo, ili ifungwe asije akamwibia mwingine. Ikiwa simu yako imepotewa na mtandao, azima ya jirani, usingojee asubuhi. Kama hesabu ya benki imeunganishwa na simu, ipigie na benki. Kisha badilisha nambari ya siri.

Wala usifute kitu. Ujumbe wa mwizi unaukirihi kuutazama, lakini ndio shahidi wako. Andika katika karatasi siku, saa, nambari, kiasi, na maneno aliyoyasema, ungali wayakumbuka.

PA KUSHTAKIA

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, na kitambulisho chako na karatasi yako, ukaandikishe katika daftari la matukio, yaani O.B. Usitoke bila ya nambari ya O.B. Hiyo ndiyo itakayoulizwa na kampuni, na benki, na mahakama. Kuandikisha hakuna malipo. Ukiona uzito wa kwenda peke yako, nenda na mwanao au na jirani.

Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI, ina nambari ya kupigiwa bure, 0800 722 203, ambayo mtu aweza kutoa khabari bila ya kulitaja jina lake. Na kwa yule anayeona kampuni ya simu haikumsikiliza, yuko mwenye kuzisimamia, nayo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hupokea malalamiko ya wateja. Ikiwa kitambulisho chako kimetumiwa na asiyestahiki, iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Na tusiseme kwamba sheria haina meno. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 imeweka kwa ulaghai wa kompyuta faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kusalimika na dhulma. Lakini sheria ni kama mbwa aliyefungwa: haumi mpaka aitwe, na haitwi na aliyenyamaza. Kweli, si kila aliyeshtaki hurudishiwa. Lakini nambari iliyoshtakiwa na watu kumi haikai kama iliyoshtakiwa na mmoja, na mashtaka yako huenda yakamwokoa mjane usiyemjua huko Malindi.

Tahadhari moja hapa. Baada ya kuibiwa huenda akakupigia mtu akijiita mpelelezi au wakili, akidai aweza kukurudishia fedha yako kwa malipo kidogo. Huyo ni ayari yule yule amerudi kuchukua kilichobaki. Polisi hawaombi M-PESA.

WAJIBU WA WATOTO, NA MPAKA WAKE

Tumesikia wengine, baada ya mzee kulaghaiwa, humpokonya simu, wakamshikia fedha zake, na kumsema mbele ya wajukuu. Hilo ni dhulma ya pili. Mwenye akili timamu ana haki kamili juu ya mali yake, hata awe na miaka 90. Fiqhi haikumruhusu mtoto kumzuilia mzazi mali kwa sababu amekosea mara moja. Kama ingekuwa hivyo, sote tungezuiliwa. Ama aliyepotewa na akili, hukumu yake ina mlango wake mahakamani, wala si kwa mtoto kujitwalia mwenyewe. Na twasema wazi, kwa kuwa tumeliona: baadhi ya ayari hawapigi simu kutoka mbali. Wamo ndani ya nyumba, na nambari ya siri ya mama waijua kwa kuwa walimwekea wao.

Wajibu wa mtoto ni kuketi na mzazi nusu saa, akamfungia laini kama tulivyoeleza, akamkuzia maandishi ya simu, akakubaliana naye neno la nyumba, na akampigia mara kwa mara, ili sauti ya mgeni isiwe ndiyo sauti pekee anayoisikia mchana kutwa. Na siku mzazi atakaposema, "Mwanangu, nimefanya kosa," neno la kwanza lisiwe "Kwa nini?" Neno la kwanza liwe "Pole, baba. Twende." Kwani aliyelaumiwa leo, kesho atanyamaza, na aliyenyamaza ataibiwa tena.

KHATIMA

Mzee wetu tulikwenda naye kituoni siku ya 20. Akaandika, akapewa nambari yake. Fedha haikurudi hata leo, nasi hatumpi tumaini la uwongo. Lakini jioni ile alitoka barazani, akawaeleza wenzake yote, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kujificha. Wazee wawili wakasema nao walipigiwa na sauti hiyo hiyo. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuahidi kutuma siku ya pili yake. Basi akiba ya mzee yule haikumpeleka Makka, lakini ulimi wake umeilinda akiba ya mwingine, na malipo ya nia yako kwa aliye mjuzi wa nia.

Nasi tumejifunza kwamba mtu akija kuuliza masala, tumtazame na uso wake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA DARASA

1. Kwa nini haifai kuirudisha kwa mkono wako fedha iliyoingia katika simu yako kwa makosa?

2. Taja mambo matatu ya kufanywa katika saa ya kwanza baada ya kuibiwa.

3. Nini tofauti baina ya kumlinda mzazi na kumzuilia mali yake?

4. Kila mmoja amtaje moyoni mwake mzee mmoja wa jamaa zake au wa mtaa wake. Je, ni lini mara ya mwisho alipoketi naye?